Kasongo na Kabambare: tomati ya nyumbani isichaguliwe kwa ajili ya barabara

Mama yeyote anayepika sombe, maharagi ao samaki ya kukauka anajua tofauti hii: kuna tomati inayofanya mchuzi, na kuna tomati inayopaka mchuzi rangi tu. Hii ya pili inaingia ndani ya sufuria ikiwa nyekundu, inageuka maji, na haiachi kitu mdomoni. Ndipo mtoto anatumwa dukani alete mkebe mdogo wa tomati na Maggi moja, ili chakula kipate ladha ambayo tomati yenyewe ilikosa.

Feza ya mkebe huo ni kidogo kwa siku moja. Kwa mwezi mzima si kidogo tena, na kwa mwaka ni karo ya shule ao kanga ya mama. Jambo la kushangaza ni kwamba inalipwa na jamaa zenye udongo mzuri nyuma ya nyumba, katika eneo la kusini mwa Maniema ambako mvua haikosekani na mto hauko mbali. Udongo wa Kasongo na Kabambare hauna kosa. Kosa ni kwamba tomati ya nyumbani inapandwa, inamwagiliwa na kuchumwa kana kwamba itapakiwa kwenye lori kwenda mbali, wakati safari yake yote ni hatua 20, kutoka bustani mpaka jikoni.

Inafaa kujua tomati ngumu ilitoka wapi. Mmea huu ni wa Amerika: jamaa zake wa mwituni wanaota kwenye milima ya Andes, na jina tomati lenyewe limetoka kwa lugha ya Nahuatl ya Meksiko, likapitia Kihispania na Kifaransa mpaka kufika Kongo. Kwa karne nyingi watu walichagua mbegu kwa kuonja. Mambo yaligeuka katika karne ya 20. Huko California, katika miaka ya 1960, wataalamu wa chuo kikuu cha Davis walitengeneza mashine ya kuvuna tomati, na pamoja nayo wakatengeneza tomati ya kuvumilia mashine: yenye ngozi nene, inayoiva yote kwa wakati mmoja, isiyopasuka ikianguka. Roma, jina ambalo wakulima wengi wa Kongo wanalijua kutoka kwenye mikebe na vifuko vya mbegu, nayo ni kazi ya Wamarekani ya miaka ya 1950. Ina nyama nyingi na maji kidogo, kwa sababu ilitakiwa kwa kutengeneza tomati ya kusaga.

Hakuna ubaya katika hayo. Kiwanda kina haja zake. Lakini kila mara mtu alipochagua ugumu, uzito na rangi, ladha ilibaki nyuma bila mtu kuitetea. Mwaka 2012 watafiti walionyesha katika jarida la Science kwamba wafugaji wa mbegu, kwa kutafuta tomati inayokuwa nyekundu sawasawa bila mabega ya kijani, walieneza bila kujua kasoro ya jeni inayopunguza sukari ndani ya tunda. Mwaka 2017, katika jarida hilohilo, watafiti wengine walilinganisha tomati za zamani na za kisasa wakaona kwamba za kisasa zimepoteza sehemu kubwa ya vitu vinavyotoa harufu nzuri. Kwa hiyo wazee wanaosema kwamba tomati ya zamani ilikuwa tamu zaidi hawasemi hivyo kwa kupenda tu mambo ya zamani. Wanasema ukweli ambao maabara ilichelewa kuuona.

Sasa msomaji ajiulize: ni barabara gani ambayo tomati ya nyumbani ya Kasongo inaogopa? Reli ya Kindu kwenda Kongolo inapita ng'ambo ya Lualaba, upande wa magharibi. Barabara za udongo kati ya Kindu, Kasongo na Kabambare zinajulikana na kila mtu aliyewahi kusukuma kinga ao piki-piki ndani ya matope ya mwezi wa kumi na mbili. Mchuuzi anayepeleka mzigo Salamabila, kwa wachimbaji wa zahabu wa eneo la Namoya, ana haki kabisa ya kupanda tomati ngumu. Bila ngozi nene angefika na mchuzi ndani ya kikapu. Lakini yule asiyeuza, ama anayeuza kwa jirani tu, kwa nini alipe ladha yake kwa ajili ya safari isiyokuwako? Shamba la kuuza na bustani ya jikoni ni vitu viwili, na mbegu zake zinapaswa kuwa mbili.

Wengine watasema: watu wa Kabambare wana shida ya usalama, wamekimbia vijiji zaidi ya mara moja, na huyu anazungumza juu ya utamu wa tomati! Neno hilo lina uzito, na linahitaji jibu. Jibu ni kwamba bustani ya karibu na nyumba ina thamani zaidi pale ambapo shamba la mbali limekuwa hatari. Muhogo unahitaji karibu mwaka mzima ao zaidi, na mara nyingi uko mwendo wa saa moja ao mbili ndani ya pori. Tomati inahitaji miezi mitatu mpaka minne, iko mbele ya macho, na mama anaweza kuichuma bila kupita njia ambayo anaiogopa. Mkimbizi wa ndani asiyekuwa na ardhi anaweza kuipanda hata ndani ya mfuko wa zamani uliojazwa udongo na mbolea, kando ya nyumba ya mwenyeji wake. Na kuhusu utamu: mtu anayekula bukari na majani kila siku, bila nyama, ndiye anayehitaji mboga yenye ladha kuliko mtu yeyote. Tajiri anaweza kuficha tomati mbaya chini ya kuku. Maskini hana cha kuifichia.

Basi ladha inatoka wapi? Ndani ya tomati kuna mambo matatu: sukari, uchachu, na harufu. Sukari inatengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Uchachu unahitaji madini ya potasiamu kutoka udongoni. Harufu inakuja mwisho kabisa, wakati tunda linapogeuka rangi, na sehemu yake moja inatokana na vitu vilevile vinavyolifanya liwe jekundu. Ukijua hayo matatu, utajua pia ni wapi mtu anaharibu.

Kwanza ni majira. Watu wengi wanapanda tomati mvua inapoanza, mwezi wa tisa ao wa kumi, kwa sababu ndipo wanapopanda mambo yote. Kwa tomati hayo ni majira ya taabu. Mvua inapiga majani, mildiu inayakausha, na tunda linalokunywa maji kila siku linakuwa kubwa, linapasuka, na utamu wake unayeyuka. Wataalamu wa kilimo wa Kongo wanataja msimu A, msimu B, na msimu C, ambao ni ule wa kiangazi, kwenye mabonde na kando ya mito. Tomati tamu ya kusini mwa Maniema ni ya msimu C. Mbegu iingie kitaluni mwishoni mwa mwezi wa tatu ao mwanzoni mwa mwezi wa nne. Miche ihamishwe baada ya wiki nne ao tano, ikiwa na majani matano ama sita. Inakua na mvua za mwisho, na inaiva katika mwezi wa saba na wa nane, wakati jua ni kali na majani yamekauka. Anayetaka tomati wakati wa masika pia, ainue tuta juu na kuifunika miche kwa kibanda kidogo cha plastiki kisichozuia mwanga. Atapata tomati, lakini asitegemee utamu uleule.

Pili ni udongo. Kusini mwa Maniema ni nchi ya mpunga, na kwenye kila mashine ya kukoboa kuna kilima cha makapi ambacho watu wanakichoma bure. Makapi hayo yakitandazwa chini ya mti wa tomati, unene wa vidole vitatu, yanazuia udongo usikauke na yanazuia matone ya mvua yasirushe magonjwa kutoka udongoni kwenda kwenye majani. Mavi ya mbuzi yaliyokaa miezi miwili ao mitatu mpaka yakapoa yachanganywe na udongo wa shimo kabla ya kupanda. Jivu la kuni, kiganja kimoja kwa kila mti, linaleta potasiamu ambayo uchachu wa tunda unaihitaji, na linapunguza ukali wa udongo uliooshwa na mvua. Kitu cha kuogopa ni urea nyingi. Inaleta mti mkubwa wa kijani ambao majirani wanausifu, na tunda lisilokuwa na kitu ndani.

Tatu ni maji, na hapa ndipo utamu mwingi unapotea. Mti mchanga unahitaji maji ya kutosha, na yasikatike. Mama anayemwagilia sana leo na kusahau siku tatu anapata tunda lenye doa jeusi chini. Wengi wanadhani ni ugonjwa, lakini ni kalisiamu iliyokosa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika. Lakini matunda yakianza kugeuka rangi, maji yapunguzwe pole pole. Mti unyauke kidogo saa sita mchana na kuamka jioni: hapo sukari inabaki ndani badala ya kuzamishwa. Maji yamwagwe kwenye mizizi, asubuhi, si juu ya majani.

Nne ni majani yenyewe. Kuna desturi ya kuvua mti majani karibu yote ili jua liyapige matunda. Ni kosa. Jani ndilo jiko la sukari, na tunda lililo uchi kwenye jua la kiangazi linaungua, linabaki na sehemu ya njano ngumu. Yaondolewe majani ya chini yanayogusa udongo, na yavunjwe machipukizi yanayoota kati ya shina na tawi kwa zile aina ndefu. Mti ufungwe kwenye fito ya mwanzi. Yanayobaki yaachwe yafanye kazi.

Tano ni kuchuma. Anayeuza mbali anachuma ikiwa bado ya kijani, hana njia nyingine. Wa nyumbani asubiri tunda liwe jekundu mpaka karibu na kikonyo. Akiogopa ndege ao wezi, achume linapoanza kuwa na rangi na aliache ndani ya nyumba, kivulini, lisipigwe na jua wala kufungiwa ndani ya plastiki. Wenye frigo mjini Kasongo wajue pia kwamba baridi inaua harufu ya tomati. Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya siku 7 kwenye nyuzi 5, tunda linashindwa kurudisha harufu yake hata likitolewa nje.

Kuna adui mmoja ambaye lazima asemwe waziwazi katika nchi ya joto kama hii: mnyauko wa bakteria. Mti mzuri wa kijani unalala ghafula kama umemwagiwa maji ya moto, na hauamki tena. Kuutambua ni rahisi. Shina likatwe karibu na udongo na kipande kitiwe ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, ndiye. Hakuna dawa ya dukani inayouponya, na muuzaji anayesema anayo anadanganya. Mti ung'olewe pamoja na mizizi na uchomwe. Mahali hapo pasipandwe tomati, bilinganya, pilipili wala tumbaku kwa miaka kadhaa, kwa maana hizo zote ni ukoo mmoja. Papandwe mahindi.

Na mbegu? Hapa ndipo jamaa inaweza kujitegemea zaidi. Tomati inajichavusha yenyewe mara nyingi, kwa hiyo mbegu ya aina ya kawaida inazaa mama yake. Ile ya F1, iliyochanganywa kiwandani, haifanyi hivyo. Achaguliwe mti mzima wenye afya, si tunda kubwa tu, na tunda lake lionjwe kwanza. Tunda lisilopendeza mdomoni lisiachwe mbegu hata likiwa zuri kwa macho. Mbegu na maji yake zikae ndani ya kikombe siku mbili ao tatu mpaka zichache, zioshwe, zikaushwe kivulini juu ya kitambaa, ziwekwe ndani ya chupa kavu. Zinadumu miaka mitatu ama minne. Hata ile tomati ndogo, saizi ya kidole, inayoota yenyewe karibu na jalala na inayodharauliwa kama ya watoto, mara nyingi ina utamu na nguvu ambazo Roma haina. Inastahili nafasi kwenye bustani.

Hesabu ya mambo haya si ngumu. Miti 12, mistari miwili ya miti 6, inatosha kwenye sehemu isiyozidi mita 4 kwa 2. Mti ukitoa kilo 2 tu, ambayo si ndoto kwa mti uliotunzwa, ni kilo 24 kwa msimu mmoja. Maji yake wakati wa kiangazi ni kama bido moja la lita 20 kwa siku. Nani atabeba bido hilo? Hapa kuna lawama ya haki: mara nyingi watu wanaposema "bustani ya jamaa" wanamaanisha kazi nyingine ya mama, juu ya kuni, kisima na mtoto mgongoni. Bustani inayoongeza mzigo huo itakufa katika mwezi wa saba, na itastahili kufa. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanatosha kwa sehemu. Sehemu inayobaki ibebwe na wanaume na vijana wa nyumba. Wao pia wanakula mchuzi.

Wakubwa nao wana sehemu yao. Adui mkubwa wa bustani za mjini si mdudu, ni mbuzi anayetembea bila kamba. Kila chefu anajua kesi hizo, na kila chefu anajua kwamba mara nyingi mwenye mbuzi ana nguvu kuliko mwenye bustani. Kufunga mbuzi wakati wa msimu C hakuhitaji mfadhili wala semina. Mashirika yanayogawa mbegu, na idara za taifa za kilimo kama INERA na SENASEM zinazohusika na utafiti na ubora wa mbegu, zingefanya vizuri kuongeza ulizo moja kwenye orodha yao: wamama wa Kasongo na Kabambare waliipika? Mbegu inapimwa kwa kuota, kwa mavuno na kwa ugonjwa. Ipimwe pia ndani ya sufuria.

Kasongo imewahi kujulikana kwa bustani. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia humo mwaka 1893 pamoja na jeshi la Dhanis lililoushinda utawala wa Waarabu na Waswahili, aliandika katika kitabu chake cha 1897 juu ya mji uliozungukwa na mashamba ya miwa, mpunga, mahindi na matunda, yaliyofunguliwa ndani ya msitu. Hakuna sababu ya kulilia enzi ile, kwa maana majembe yaliyolima mashamba yale yalishikwa na watumwa, ambao hawakuchagua nini kipandwe wala nani akile. Lakini udongo ni uleule, na mvua ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba leo anayelima anaweza kuwa ndiye anayeonja na ndiye anayechagua mbegu ya kesho. Haki hiyo ilikosekana kwa babu wengi wa kusini mwa Maniema. Ni hasara kuiacha mikononi mwa mtu aliyefikiria lori la California.

Kilo moja ya tomati nzito ya mkebe inahitaji karibu kilo 5 ao 6 za tomati mbichi, zilizolimwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine, na kulipwa kwa feza iliyotoka Kasongo. Hakuna sheria inayolazimisha iwe hivyo. Kitalu ni kipande cha udongo kisichozidi meza, na mwezi wa nne unafika kila mwaka.